Fyuzi Zilizovaa Koti Kule Muganza

Hata mwezi haujaisha tangu mnipe saa ya ukutani na maneno matamu kuliko yote niliyoyasikia kazini, na tayari mmenitumia ujumbe. Mnasema mmefungua faili la laini ya Bugarama, mkakuta pembeni mwa karatasi moja nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Toa makoti kwanza." Mnauliza ni makoti gani, na koti linaingiaje kwenye hesabu za umeme. Nilianza kuwajibu kwa simu nikashindwa. Kwa hiyo nimekaa barazani kwangu hapa Kamembe na daftari, na mtanivumilia, kwa sababu mtu akishastaafu hakuna tena mkutano wa kumkatiza maneno.

Vyeo sitavitaja. Mshahara mnaujua, ni ule ule mnaoulalamikia.

Nilivuka kutoka Bukavu nikiwa na diploma mpya na Kifaransa kingi kuliko ujuzi. Siku ya kwanza nilifika na seti ya bisibisi niliyonunuliwa na mama yangu, ziko kwenye mfuko wake wa ngozi, hata plastiki sijaitoa. Nikapelekwa kwa Mzee Anastase, mtu wa Nkungu, kule milimani kwenye baridi, mrefu, mwenye sweta mwaka mzima. Ndiye peke yake pale ofisi ya umeme aliyepanga ulinzi wa laini, yaani kuamua ni chombo kipi kikate umeme, wapi na baada ya muda gani, pale waya inapoguswa na kitu kisichotakiwa. Alizitazama bisibisi zangu kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mtoto mchanga wa jirani.

"Ni mizuri," akasema. "Weka ile kwa kabati. Leo tunachora."

Akanipa penseli na karatasi za kalke, zile nyembamba zinazoonyesha upande wa pili. Kila chombo kwenye laini kilikuwa na karatasi yake, na kwenye karatasi mstari mmoja uliopinda, unaosema: mkondo ukiwa mkubwa kiasi hiki, mimi nitakata baada ya muda huu. Fyuzi ilikuwa na wake. Swichi kubwa ya kituoni ilikuwa na wake. Mzee akazipanga karatasi moja juu ya nyingine, akazibandika kwenye kioo cha dirisha, na jua la asubuhi likapita katikati yake.

"Angalia fasi mistari inakutana," akaniambia, yaani mahali. "Pale njo kuko bagomvi. Vitu mbili vinakata pamoja, na bantu ba kule, benye hawana kosa, banabaki mu giza. Umeme iko na haraka. Kazi yetu ni kuipangia zamu."

Nilisimama pale dirishani mpaka saa ya kula. Nilikuwa nimefundishwa umeme miaka mitatu na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kuketi Kamembe na penseli, akaamua leo kitu kitakachotokea kwenye nguzo ya Bugarama siku ya mvua, ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, naye mwenyewe hayupo. Nilishikwa na mshangao ambao, niwaambie ukweli, haujaniachia mpaka leo.

Baadaye ndipo rikloza ikaja. Nyinyi mmezaliwa mkaikuta, kwa hiyo hamuishangai. Ni lile sanduku la chuma lililo juu ya nguzo, kwenye mteremko wa kwenda Bugarama. Likiona hitilafu hukata, husubiri kidogo, halafu hurudisha umeme lenyewe lione kama ile hitilafu imeondoka. Na mara nyingi huwa imeondoka, maana hitilafu nyingi ni wapita njia: tawi la mkaratusi, ndege, radi. Ikiwa bado ipo, hukata tena na kujaribu tena. Baada ya mara ya nne hukata tamaa na kujifunga, mpaka mtu aende. Mafundi wa laini waliipa jina la Kichwa-Ngumu siku ile ile ilipopandishwa.

Mara ya kwanza kuiona ikifanya kazi tulikuwa chini yake, jasho linatutoka, mimi na Mzee Anastase na sweta lake. Upepo ukavuma, tawi likapiga waya likaanguka. Juu yetu pakasikika kishindo kimoja, kisha cha pili. Kinu cha mpunga kilichokuwa kikinguruma ng'ambo ya barabara kilipunguza sauti, kikaendelea. Kijana aliyekuwa akijaza magunia hakuinua hata kichwa.

"Umeona?" Mzee akaninong'oneza, kama tuko kanisani. "Imekata, imengoja, imerudisha. Na ule bwana hajajua kitu."

Machozi yalinilenga. Nilisema ni vumbi.

Miaka ikapita, na kompyuta ikaletwa na programu ya kuigiza laini. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kiangazi kizima nilikuwa nikiingiza laini ya Bugarama ndani ya mashine ile: urefu wa kila kipande cha waya, kila transfoma, kila fyuzi kama ilivyoandikwa kwenye orodha ya stoo. Nilipomaliza niliweza kuitupia hitilafu ya uongo nguzo yoyote niitakayo na kuona nani atakata wa kwanza. Nilijiona mfalme. Nilimwita Mzee Anastase, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, nikamwonyesha.

"Ni muzuri sana," akasema. "Lakini laini haijasoma hii."

Mpango wangu ulikuwa hivi. Pale Muganza, kabla ya machimbo, kuna tawi linalopanda vilima vya migomba, na mguuni mwa tawi kuna fyuzi. Hitilafu ikitokea vilimani, rikloza ikate mara mbili za kwanza kwa haraka, kabla fyuzi haijaungua, ili wapita njia wapite. Hitilafu ikikaidi, mara mbili zinazofuata rikloza ichelewe makusudi, fyuzi iungue kwanza, vilima peke yake vibaki gizani, na vinu vya Bugarama viendelee kukoboa. Kwenye skrini ilikuwa safi kama shati la Pasaka.

Mvua za kwanza, fyuzi ile iliungua kila radi ilipopiga. Malalamiko yakamiminika kutoka vilimani. Kisha, katikati ya msimu, malalamiko yakakoma ghafla, na mimi nikajipongeza. Kijana yeyote anayesoma hapa aandike hili ukutani: malalamiko yakikoma bila wewe kufanya kitu, ogopa.

Kwa sababu ndipo ikaanza kuzimika laini nzima. Kichwa-Ngumu ilijaribu mara zote nne ikajifunga, na Bugarama yote ikalala, vinu vimesimama na mpunga uliolowa uko ndani. Ikatokea tena. Ilipotokea mara ya tatu, Shefu wetu aliniita. Alikuwa mtu mwema asiyependa kelele, na siku ile ofisi yake ilikuwa imejaa wenye vinu.

"Mimi sibishani na kompyuta yako," akaniambia. "Lakini ikijifunga tena, ninaishusha, tunarudishia swichi ya zamani. Ile ya zamani haikuwa na akili, kwa hiyo haikukosea."

Nilirudi kwenye mashine nikakaa nayo wiki mbili. Nilipima upya waya, nikabadilisha transfoma, nikahesabu tena mikondo. Kila nilipotupa hitilafu kwenye vilima vya Muganza, mashine ilijibu: fyuzi itaungua. Na kila mvua ilipopiga, laini ilijibu: haiungui. Nilianza kuichukia mvua.

Katika kutafuta huko, nikaona jambo lililonisimamisha nywele. Mkia wa lile tawi, nguzo za mwisho kabisa juu vilimani, ulikuwa mbali mno. Hitilafu ikitokea kule, mkondo unaorudi ni mdogo, na rikloza haiuhisi, kwa sababu niliipandishia kiwango ili isishtuke mota za vinu zinapowashwa. Kule mkiani mlinzi alikuwa mmoja tu, ile fyuzi. Hilo nililijua tangu mwanzo na lilinitosha. Sasa nikajiuliza: ikiwa fyuzi ile, kwa sababu nisiyoijua, haiungui, basi waya ikianguka kule mkiani, nani ataizima? Mashine ilinijibu bila huruma: hakuna. Itakaa chini ikiwa hai mpaka mtu aione, au aikanyage.

Nyumba ya mwisho kule ilikuwa ya Maman Vestine, mjane mkulima wa migomba na mihogo. Waya wetu ulipita nyuma ya jiko lake.

Nikamwendea Mzee Anastase na makaratasi yangu yote. Hakuyafungua.

"Umeuliza poto?" akasema. Poto kwetu ni nguzo.

Tulikwenda siku ile ile na Papa Ramazani, mkuu wa mafundi wa laini, mzaliwa wa Kamembe katika familia ya mafundi cherehani. Yeye peke yake ndiye aliyeacha cherehani akapanda nguzo, na alisali sala zake zote, hata akiwa juu ya kilima na viatu vya kupandia. Njia nzima hakusema neno, jambo lisilo la kawaida kwake. Tulipofika mguuni mwa tawi alizima umeme, akajifunga mkanda, akapanda, akashuka na lile bomba la fyuzi, akaniwekea mkononi bila kunitazama.

Nikalifungua bila kuvua glavu. Ndani, ule waya mwembamba wa fyuzi, unaotakiwa uwe peke yake, ulikuwa umesokotwa na nyuzi mbili za shaba zilizochunwa kutoka kwenye waya wa laini. Zilisokotwa vizuri, kwa mkono wa mtu aliyekulia cherehanini.

"Ni nini hii?" nikauliza.

"Ni koti," akasema Papa Ramazani. "Tuliivalisha koti. Baridi isiipate."

"Nani alivalisha?"

"Mi mwenyewe. Na ingine kumi na tatu, kwa laini yote. Bote ba ekipe banajua." Sasa akanitazama, na macho yake yalikuwa makali. "Weye unakaa ku biro. Mi njo napandaka hapa. Fizibu inaungua leo, naweka, kesho inaungua. Bamaman banangoja siku mbili, dawa zinaharibika ku sante, kwa munganga, na mi njo banatukana, hapana ile kompyuta. Sasa ulitaka nifanye aje?"

Nilitaka kumfokea. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Mzee Anastase akanivua glavu, akauweka mkono wangu juu ya lile bomba la fyuzi, lililokuwa juani tangu asubuhi. Nikaruka.

"Iko moto?" akauliza.

"Inaunguza."

"Na ule mustari wa fizibu ulitia ndani ya mashine, baliupimia wapi?"

Nikafikiri. Waliupima watengenezaji, kwenye chumba chenye ubaridi mzuri, fyuzi mpya isiyobeba mzigo.

"Njo ile," akasema Mzee. "Fizibu ya karatasi yako inakaa Nkungu, inavaa sweta kama mi. Hii inakaa huku. Imekwisha kupata moto ya jua, na ya mzigo, na ya radi ya juzi. Iko nusu ya kuungua mbele hitilafu haijafika. Punguza robo ya muda wake, utaona."

Nilipunguza robo jioni ile, na mistari miwili iliyokuwa imeachana vizuri kwenye skrini ikapandana. Nilikaa nikiitazama. Rikloza yangu haikuwa na haraka ya kutosha kuiokoa fyuzi ya nchi ya joto. Kila radi niliyodai itapita, ilipita na fyuzi. Papa Ramazani alikuwa ameziba kwa shaba tundu nililolitoboa mimi kwa hesabu, na katika kuziba akamwacha Maman Vestine bila mlinzi. Wote wawili tulikuwa tumefanya kwa nia njema. Nia njema haikati umeme.

Asubuhi nilimtafuta Papa Ramazani mahali anapokunywa chai, nikamwambia mbele ya watu wake kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Kisha nikamweleza kuhusu mkia wa laini. Alisikiliza. Alipofahamu, aliweka kikombe chini polepole.

"Kwa Maman Vestine?" akauliza. "Kumbe tulikuwa tunaacha ile waya nzima, hata ikianguka?"

"Hata ikianguka."

Akaweka masharti, maana hakuwa mtu wa kushindwa bure. "Mi natoa makoti yote. Lakini weye tengeneza Kichwa-Ngumu ikate mbio, fizibu isiumie. Na kama inaungua tena kila radi, utapanda weye ku bilima, ueleze bamaman na mudomo yako."

Tukapeana mikono. Shefu alitupa msimu mmoja wa mvua, si zaidi. Siku tatu mafundi walizunguka laini yote na fyuzi mpya, na jioni ya tatu wakaja wakamwaga nyuzi za shaba juu ya meza yangu, juu kabisa ya makaratasi. Hakuna aliyecheka. Ndipo nilipochukua kalamu nyekundu. Unaweza kuwa na mashine inayojua kila kitu kuhusu laini, isipokuwa kile ambacho mtu mwema amekifanya juu ya nguzo kwa kuwahurumia wenzake.

Mvua zikaja. Kwa wiki tano kila radi ilipita, Kichwa-Ngumu ikikata na kurudisha, na fyuzi ya Muganza haikuungua. Papa Ramazani alianza kunisalimia kwa jina.

Kisha alasiri moja, baada ya dhoruba yenye upepo, tukapigiwa simu kwamba vilima vya migomba havina umeme. Nilifungua kumbukumbu za rikloza. Hakukuwa na kitu. Haikukata hata mara moja, haikuhisi lolote. Nikajua maana yake kabla sijainuka kwenye kiti: hitilafu iko mkiani.

Tulipanda na Papa Ramazani. Mguuni mwa tawi tuliiona fyuzi imefunguka, bomba lake linaning'inia. Tukafuata nguzo moja moja kwa miguu, matope yanatuvuta viatu, mpaka tulipoiona nguzo ya mwisho na pengo angani mahali ambapo waya ulipaswa kuwepo. Chini hapakuwa na waya pia.

Maman Vestine alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akafurahi kutuona.

"Mulikawia, banangu. Karibuni." Akaingia upande wa jiko, akarudi amekumbatia kifuani mzingo wa waya, umekunjwa vizuri, duara juu ya duara, na kufungwa na kamba ya mgomba. "Nilibakusanyia waya yenu. Ilianguka hapa ku mabati, ikalia, ikatoa moto ya buluu, kisha chini kule ikasema pa, ikanyamaza. Nikamaliza kumenya mihogo. Njo nikaona niikunje, batoto ba jirani basikuje kuikanyaga."

Nilijua mkondo wa pale kwa kichwa, nilikuwa nimeutazama wiki mbili. Nilijua kwamba fyuzi yenye koti ingeubeba mpaka asubuhi bila kutikisika, na mabati yale na waya ule vingemngoja amalize mihogo yake.

Papa Ramazani aliupokea ule mzingo kwa mikono miwili, akauweka chini. Kisha akamwomba Maman Vestine ampe mikono. Akaigeuza, akaangalia viganja, kimoja, halafu kingine, akipitisha kidole gumba kila mahali. Palikuwa na udongo, na maziwa ya mihogo yaliyokauka.

"Papa, unatafuta nini?" akauliza akicheka.

Papa Ramazani alikaa chini palepale kwenye matope, na koti lake la mvua na mkanda wake. Akamweleza. Alimweleza polepole, bila kujificha, nyuzi za shaba alizosokota kwa mkono wake na siku alipozitoa, na kwamba waya ukianguka usiguswe hata ukinyamaza, hata ukionekana umekufa, mpaka wao wafike. Mimi nikaongeza la kwangu, lile la hesabu. Maman Vestine alisikiliza mpaka mwisho. Akautazama ule mzingo. Akaficha mikono yake ndani ya kitenge, na taratibu, kama mtu anayeketi kwenye ibada, akakaa chini kando ya Papa Ramazani.

Nami nikakaa. Tulikuwa pale watatu kwenye matope, chini ya nguzo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.